Kuzungumza na mgonjwa mwenye ulemavu wa akili: mwongozo kwa muuguzi wa zamu

Mwongozo huu nimemwandikia muuguzi wa zahanati, kituo cha afya au hospitali ya wilaya ambaye, katikati ya foleni ya asubuhi, anaingiziwa chumbani mgonjwa mtu mzima mwenye ulemavu wa akili, akiwa ameongozana na mama, dada au jirani. Wengi wetu chuoni tulifundishwa mengi kuhusu magonjwa na machache sana kuhusu mgonjwa wa namna hii, na ndiyo maana anapoingia tunamgeukia aliyemleta na kuuliza, "Anaumwa nini?"

Ulemavu wa akili si ugonjwa wa akili. Mwenye ulemavu wa akili alikuwa nao tangu utotoni: anajifunza polepole, anahitaji msaada katika baadhi ya mambo ya kila siku, na hana dawa ya kumeza ili "apone". Ugonjwa wa akili unaweza kumpata mtu yeyote katika umri wowote, naye pia, na hapo atahitaji matibabu kama wengine. Maneno taahira, zezeta na punguani hayafai kusemwa wala kuandikwa kwenye faili. Neno mtindio wa ubongo nalo watu hulitumia kwa hali zaidi ya moja, kwa hiyo andika lile tu ambalo daktari amelithibitisha.

Miaka kadhaa iliyopita tulimpokea kijana wa miaka ishirini na kitu ambaye kwa siku nne alikuwa anajipiga shavu la kushoto, anasukuma sahani na kupiga kelele usiku. Kwenye ripoti ya zamu niliandika kwa mkono wangu kwamba mgonjwa ni msumbufu, na akaandikiwa dawa ya kumtuliza. Siku ya pili mhudumu wa usafi, aliyekuwa anadeki karibu na kitanda, akasema, "Sista, huyu mtoto mdomo unanuka." Tulipommulika kwa tochi ya simu tuliona jino la nyuma limetoboka na ufizi umejaa usaha. Kijana alikuwa amekwisha kutueleza tatizo lake kwa lugha pekee aliyokuwa nayo, tena kwa kutuonyesha mahali penyewe.

Kosa hilo lina jina. Mwaka 1982 wanasaikolojia wa Marekani walilieleza kwa taswira ya kivuli, na kwa Kiingereza linaitwa "diagnostic overshadowing": mhudumu anauona ulemavu, kisha kila dalili mpya inaingia chini ya kivuli chake na kuhesabiwa kuwa "ndivyo alivyo". Matokeo yake ni mazito. Uchunguzi wa vifo 247 vya watu wenye ulemavu wa akili kusini-magharibi mwa England, uliotolewa mwaka 2013, ulionyesha kwamba wanaume hao walifariki wakiwa na umri pungufu kwa miaka 13 kuliko wanaume wengine, na wanawake kwa miaka 20. Miongoni mwa sababu zilizojitokeza ni kuchelewa kutambua ugonjwa na kuchelewa kuutibu. Ikiwa hali ni hiyo kwenye nchi yenye wauguzi waliosomea ulemavu huu peke yake, sisi tuna sababu kubwa zaidi ya kuwa makini.

Hatua ya 1: Mpunguzie foleni na kelele

Benchi lililojaa watu, watoto wanaolia na majina yanayoitwa kwa sauti kubwa vinaweza kummaliza mgonjwa kabla hajakuona. Mwombe aliyemleta akae naye chini ya mti au kwenye kona yenye utulivu, kisha umtume mtu kumwita zamu yake ikifika. Ikiwezekana apewe nafasi ya kwanza asubuhi, au ya mwisho kliniki inapopungua. Chumbani zima redio, funga mlango, na usiruhusu watu watatu waseme kwa pamoja.

Hatua ya 2: Msalimie yeye kwanza, na kwa umri wake

Kwetu salamu ndiyo inayoonyesha kwamba mtu amehesabiwa. Mzee wa miaka 60 mwenye ulemavu wa akili anastahili shikamoo kutoka kwa muuguzi wa miaka 25, na nimewaona wengine wakiinua uso na kuitikia "Marahaba" kwa sauti ambayo hata ndugu zao hawakuitegemea. Usimwite mtu mzima "mtoto" kwa sababu tu amevalishwa na mama yake. Mwite kwa jina lake, au kwa kaka, dada, mama, mzee, kama unavyowaita wagonjwa wengine wa rika lake.

Kaa chini ili macho yenu yalingane. Sema jina lako na kazi yako: "Mimi naitwa Sista Fulani. Mimi ni muuguzi. Leo nitakuangalia tumbo." Asipokutazama usoni usimlazimishe, kwa kuwa baadhi yao, hasa wenye usonji, husikiliza vizuri zaidi wakitazama pembeni. Chunguza pia kama anasikia. Upungufu wa kusikia ni wa kawaida kwa wenye Down sindromu (hali ya kuzaliwa nayo inayoambatana na ulemavu wa akili), na mara nyingine anayedhaniwa haelewi ana nta iliyoziba sikio.

Hatua ya 3: Mlezi ni shahidi, si msemaji

Mlezi anajua mengi kuliko sisi, na kumpuuza ni ujinga. Hata hivyo, aulizwe baada ya mgonjwa, mgonjwa akiwa anasikia, na kwa ruhusa yake: "Naomba nimuulize mama pia, sawa?" Swali lenye faida kuliko yote ni hili: "Akiwa mzima anakuwaje?" Usipojua kawaida yake, huwezi kujua kilichobadilika. Mtu ambaye siku zote hasemi, kimya chake si dalili, lakini aliyekuwa anaimba kila asubuhi akinyamaza siku mbili, ana jambo.

Uliza pia anavyosema ndiyo na hapana, anavyoomba maji, neno analotumia kwa choo, kitu kinachomtisha, kinachomtuliza, na kama huwa anapaliwa anapokula. Majibu yaandikwe, kwa sababu utayahitaji zamu ikibadilika.

Hatua ya 4: Kisafishe Kiswahili chako

Hapa ndipo ninapotaka kukaa zaidi. Tumezoea kudhani kwamba mgonjwa akizungumza Kiswahili basi anatuelewa, kumbe Kiswahili cha hospitalini kimejaa misemo ambayo mwenye kuyachukua maneno kama yalivyo anaisikia vingine kabisa.

Tuanze na sindano. "Nitakuchoma sindano" ni sentensi tunayoitamka mara hamsini kwa siku. Kwa mtu aliyewahi kuungua kwenye jiko la mkaa, kuchoma kuna maana moja tu, na akikimbilia mlangoni ana haki. Sema, "Nitaweka sindano hapa mkononi. Itauma kidogo. Kisha nitaitoa." Usiseme haiumi, maana itauma, na hutaaminiwa tena. "Utapigwa picha" nako kuna mtego wa namna mbili: mmoja husikia kupigwa akajikunja, mwingine husikia picha akajiweka sawa kola na baadaye akaomba kuiona kwenye simu. Mwambie kwamba mashine itatazama mfupa wake, kwamba haitamgusa, na kwamba atakaa bila kutikisika wakati unahesabu mpaka tano.

Adabu yetu nayo ina gharama. Tunasema haja kubwa, haja ndogo, kuona siku zako, sehemu za siri, na kwa mgonjwa wa kawaida ni heshima. Kwa huyu ni fumbo. Kukosa choo kwa siku nyingi ni tatizo la mara kwa mara kwa watu wenye ulemavu wa akili, na lisipotibiwa linaweza hata kuua, kwa hiyo huwezi kuliacha likapotea ndani ya neno haja. Tumia neno lile lile wanalotumia nyumbani, hata kama wewe ungeona aibu kulitamka mbele ya wakwe. Kwa hedhi, muulize kama damu inatoka, na ikibidi mwonyeshe pedi.

Angalia pia swali la chakula. Ukimuuliza mgonjwa anayesubiri upasuaji, "Umekula?" anaweza kujibu kwa ukweli mtupu kwamba hajala, ilhali saa moja iliyopita alikunywa chai na chapati mbili. Katika nyumba nyingi kula ni wali au ugali, na asubuhi watu hunywa chai. Uliza kimoja kimoja: umekunywa chai, umekunywa maji, umekula andazi, umekula biskuti. Vivyo hivyo unapomkataza, usiseme tu "usile kitu". Taja vitu vyenyewe, umwambie na mlezi, na uweke alama kitandani.

Maswali ya wakati ni magumu kwake. Badala ya "Tangu lini?" shikilia tukio analolikumbuka: tumbo lilikuwa linauma siku ya kwenda kanisani, lilikuwa linauma siku ya Idi, lilikuwa linauma jana ulipooga. Jambo moja kwa sentensi moja, kwa mpangilio wa litakavyotokea. "Kabla ya kuonana na daktari utapimwa mkojo" inamlazimu aigeuze kichwani mwake. "Kwanza utakojoa kwenye kikopo. Halafu utamwona daktari" haimlazimu chochote.

Hatua ya 5: Lishuku kila "ndiyo"

Uliza, kisha nyamaza. Hesabu moyoni hadi kumi kabla ya kurudia swali, na ukirudia, tumia maneno yale yale, kwa sababu ukiyabadilisha atadhani ni swali jipya na kuanza upya kufikiri. Sekunde kumi ni ndefu ajabu ukiwa na wagonjwa arobaini nje, lakini ni fupi kuliko kumrudisha kesho.

Watu wengi wenye ulemavu wa akili wamejifunza kwamba ndiyo ndilo jibu linalowafurahisha wenye mamlaka, na muuguzi mwenye sare ni mmoja wao. Kwa hiyo liulize jambo kwa pande mbili. Ukiuliza "Kichwa kinauma?" akasema ndiyo, baada ya muda uliza "Kichwa ni kizima?" Akisema ndiyo tena, bado hujapata jibu, na itakubidi umwombe akuonyeshe kwa kidole. Ukimpa machaguo mawili, wengi huchukua la mwisho, hivyo yageuze: "Hapa au hapa?" kisha uanze na lile la pili. Epuka kabisa maswali ya kukanusha. "Huumwi, siyo?" akijibu "Ndiyo", je, amekubali kwamba haumwi au amesema anaumwa? Hata sisi wenyewe tunachanganyikiwa.

Kuhakikisha kama ameelewa, usiulize "Umeelewa?" Mwambie, "Nionyeshe utakavyofanya ukifika nyumbani." Akikosea, lawama ni ya maelezo yako, nawe uyarudie kwa njia nyingine, kwa picha au kwa kitu chenyewe mkononi. Mchoro wa kalamu nyuma ya karatasi kuukuu unatosha: kikombe, choo, kitanda, sindano, nyumba, uso unaocheka na uso unaolia.

Hatua ya 6: Soma maumivu mwilini

Kumwambia ataje maumivu kwa namba kutoka sifuri hadi kumi hakufai kitu kwa wengi wao. Upo utaratibu uliotungwa Marekani mwaka 1997 kwa ajili ya watoto wadogo wasioweza kusema, na baadaye ukarekebishwa kwa watoto wenye ulemavu wa akili, nao unakufundisha mahali pa kuangalia hata kwa mtu mzima. Unaangalia mambo matano: uso, miguu, mwendo wa mwili, kilio, na kama anatulizika akibembelezwa. Kila jambo linapewa alama 0, 1 au 2, na jumla inakuwa kati ya 0 na 10. Pima kwa kulinganisha na kawaida yake aliyokueleza mlezi, kwa sababu wapo wanaocheka wakiumia na wapo wanaonyamaza tu.

Tabia ikibadilika ghafla, tafuta ugonjwa kabla ya kutafuta dawa ya kutuliza. Anayejipiga kichwa au shavu, mwangalie masikio na meno. Anayekataa chakula, mwangalie mdomo na koo, kisha uulize choo. Anayekohoa kila akila huenda chakula kinaingia kwenye njia ya hewa, na nimonia haiko mbali. Anayekojoa kitandani wakati hakuwa na desturi hiyo, pima mkojo na sukari.

Hatua ya 7: Onyesha kabla ya kutenda

Mkanda wa presha ukikaza mkono bila taarifa unatisha. Mpe aushike. Ufunge kwanza mkononi mwako au kwa mama yake, aone unavyojaa upepo na kulegea, halafu umfunge yeye na kusema, "Utabana. Utabana. Sasa unaachia." Kubalianeni alama ya kusimama, kwa mfano kuinua kiganja, na akiinua usimame kweli. Ukimwahidi kwamba ukifika tano utaacha, ukafika tano na kuendelea, zamu zote zijazo zitalipa deni lako.

Kumshika kwa nguvu watu wanne ili achukuliwe damu ni njia inayoonekana ya haraka, ila mara ya pili hatakubali hata kuingia getini. Jiulize kama kipimo hicho ni cha lazima leo, au anaweza kurudi keshokutwa baada ya kuzoeshwa. Kama ni cha dharura, amri itolewe na daktari, ashikwe kwa muda mfupi iwezekanavyo, na muuguzi mmoja tu awe anazungumza naye usoni muda wote. Kwa mwenye Down sindromu, usiikunje shingo yake kwa nguvu, kwa kuwa baadhi yao pingili za juu za shingo zimelegea.

Hatua ya 8: Ridhaa na faragha

Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu wa mwaka 2006, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 2009, unawataka wahudumu wa afya katika ibara ya 25 kutoa huduma ya kiwango kile kile wanachowapa wengine, tena kwa ridhaa iliyo huru na yenye uelewa. Tanzania Bara ina Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya mwaka 2010. Kwa kazi ya kila siku maana yake ni kwamba ulemavu peke yake haumwondolei mtu mzima nafasi ya kuulizwa. Anaweza asielewe hatari za upasuaji na bado akaelewa kabisa kama anataka kusafishwa kidonda sasa au baada ya chai, na hilo moja alichague yeye.

Jambo linalonisumbua zaidi ni la mabinti. Mama anamleta binti wa miaka 19, anakunong'oneza kwamba apewe sindano ya uzazi wa mpango, na binti anaambiwa ni ya malaria. Naielewa hofu ya mama huyo, na mara nyingi ina sababu. Lakini sindano ya uongo haimkingi binti na anayemwingilia, wala na maambukizi, na inaweza kuficha kinachoendelea. Mwombe mama atoke kwa dakika chache, abaki muuguzi mwingine wa kike, na umuulize binti kwa maneno ya wazi na mchoro wa mwili: nani anakugusa hapa, ulitaka, uliumia? Usimwongoze kwa kutaja jina la mtu. Andika maneno yake kama alivyoyasema. Ukiona dalili za ukatili, mwarifu mganga mfawidhi, na umpeleke kwenye kituo cha mkono kwa mkono, yaani kinachowahudumia waliofanyiwa ukatili kwa kila kitu mahali pamoja, kama hospitali yenu inacho, au kwenye dawati la jinsia na watoto la polisi.

Hatua ya 9: Dawa na makabidhiano

"Kutwa mara tatu" ni lugha ya dirisha la dawa. Tenga vidonge katika bahasha tatu na uchore juu yake: kikombe cha chai, sahani, mwezi. Mwache mgonjwa mwenyewe azipange mbele yako. Ikiwa anatumia dawa za kifafa, ambacho kinawapata wengi wao, mweleze yeye na mlezi kwamba haziachwi ghafla hata akikaa miezi bila kuanguka, na kwamba zikibaki za siku tano waje kuchukua nyingine. Uliza pia anavyomeza. Wengine huwekewa vidonge ndani ya uji, na zipo dawa zisizotakiwa kusagwa, hivyo mfamasia aulizwe kwanza.

Kwa makabidhiano, kuna utaratibu unaotumika katika hospitali za Uingereza ambao unaweza kuigwa kwa gharama ya daftari. Mgonjwa anatembea na karatasi iliyogawanywa kwa rangi za taa za barabarani. Kwenye nyekundu yapo mambo ambayo lazima ujue kabla ya kumgusa, kama mzio, kifafa na kupaliwa. Kwenye njano yapo ya mawasiliano na msaada anaouhitaji, na kwenye kijani yapo anayoyapenda na asiyoyapenda. Wagonjwa wetu wengi tayari wana daftari la matibabu, na ukurasa wa kwanza wa ndani unafaa sana kwa kazi hiyo. Jaza pamoja na mgonjwa na mlezi, kwa sentensi fupi: "Nikiinua kiganja, simama. Nikiwa na maumivu naimba kwa sauti kubwa. Choo naita kwa kugonga tumbo. Sipendi taa ya machoni."

Yule kijana wa jino alipoondoka tulimwandikia ukurasa kama huo. Alirudi baada ya miezi saba akiwa na homa, na muuguzi wa zamu ya usiku, ambaye hakuwahi kumwona, alifungua daftari na kukuta sentensi ya kwanza: "Nikijipiga shavu, niangalie mdomoni." Safari hii hakuwa akijipiga shavu. Alikuwa anavuta sikio, na ndilo lililoangaliwa kwanza.